Siku Nne Nilizokula Jikoni, Uhispania

Tangu nirudi Butimba siwezi kwenda sokoni Mkuyuni nikarudi mapema. Kila kibanda nasimamishwa: "Mwalimu, hebu tuambie, huko walikuwa wanakulisha nini?" Wengine mmesikia kwamba nilikonda. Wengine mmesikia kwamba nililia mbele ya wali. Yote mawili ni kweli. Nimeona niandike mara moja, hatua kwa hatua, ili anayetaka kujua asome, na anayejiandaa kusafiri asirudie makosa yangu. Habari za pasipoti na tiketi naziacha, hazina utamu wowote.

Mwanza hadi Dar: mvua, na maneno ya Shangazi

Binti yangu Neema ameolewa na Mhispania, Andrés, fundi wa visima aliyekaa miaka miwili huku kwetu Magu. Wanaishi mji mdogo karibu na Valencia, nyumba moja na mama yake Andrés, mjane anayeitwa Amparo. Mwaka jana Neema alipoteza mimba. Mwaka huu, mimba nyingine ikiwa na miezi saba, alinipigia simu. "Mama, njoo. Naogopa kuzaa bila wewe."

Siku moja kabla ya safari alikuja Shangazi Kabula kutoka Bujora. Ni dada wa marehemu baba, na kwenye ukoo wetu neno lake ndilo la mwisho. Alinikuta nafunga michembe, vile viazi vitamu tunavyokata na kukausha juani, zawadi ya wakwe. Akakaa kitako, akaniangalia.

"Utakaa nyumba moja na mkweo, mume wa Neema?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Alishakufungua?"

"Bado."

"Basi usile mbele yake. Hata punje. Binti ana mimba, na ile ya kwanza mnajua ilivyokwenda. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Shangazi."

Mama Koku wa pale sokoni, najua wewe wa Bukoba utauliza kufunguliwa ni nini, kwa hiyo nieleze. Katika ukoo wetu mama mkwe na mume wa binti yake hawali pamoja. Ni heshima. Heshima hiyo inakaa mpaka siku mkwe atakapomkabidhi mama mkwe kitu chake mkononi, mbele ya shahidi wa upande wetu. Kinaweza kuwa mbuzi, jembe au kitenge. Baada ya hapo wanakaa mkeka mmoja. Andrés hakuwahi kufanya hivyo, kwa sababu ndoa ilifungwa kwao na hakuna aliyemweleza. Alipokuwa akija Butimba nilikula jikoni, naye alidhani nina kazi nyingi.

Dada yangu mkubwa alikula mbele ya mkwe wake kwenye sherehe moja, hajafunguliwa. Haukupita mwezi, binti yake akapoteza mtoto tumboni. Mimi nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote. Najua jambo kutangulia jingine si kulisababisha, na nimewaeleza hivyo watoto wa watu ubaoni. Lakini dada yangu alikufa akijilaumu, na mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono.

Basi nilifika uwanja wa ndege na hofu hiyo tayari iko kifuani. Mvua ikapiga kutoka ziwani hata ndege hazikuonekana, tukakaa saa nne. Jirani yangu wa kiti alikuwa mfanyabiashara wa sangara, mtu mcheshi.

"Uhispania? Wanakula vizuri kule, mama. Hata sangara wetu anafika. Ila..." Akasogea karibu. "Wanakula na konokono."

"Konokono huyu huyu?"

"Huyu huyu, na nyumba yake mgongoni."

Nilimshukuru kwa habari, nikafunga macho.

Madrid: mapaja yanayoning'inia

Kutoka Dar tulipita Adis Ababa, tukafika Madrid asubuhi. Andrés alikuwa amekuja kunipokea. Aliinama kidogo, kama Neema alivyomfundisha: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Neema?"

"Mzima. Anakungoja. Daktari hataki asafiri. Mama, una njaa?"

Nilikuwa na njaa ya kuona giza. Nikasema, "Hapana, nimeshiba."

Alinipeleka hata hivyo kwenye mgahawa wa stesheni. Niwaeleze mgahawa wao ulivyo, msishtuke kama mimi. Watu wanakula wamesimama, wameegemea kaunta ndefu. Juu ya kaunta yananing'inia mapaja mazima ya nguruwe, yamekaushwa kwa chumvi miezi na miezi, na kwato zake zipo. Sakafuni kuna karatasi za kufutia mikono na kokwa za zeituni, na mwenye mgahawa hakasiriki. Ukiagiza kinywaji, mara nyingi unaletewa kisahani kidogo cha chakula usichokiagiza. Nilipoletewa changu, kipande cha mkate na samaki, nilimsogezea mtu wa pembeni nikidhani ni chake. Akanirudishia. Nikamsogezea tena. Andrés akacheka. "Ni chako, mama. Ni desturi."

Asubuhi wao hawali sana. Ni kahawa na mkate uliochomwa, ukapakwa nyanya mbichi iliyopondwa na mafuta ya zeituni. Harufu yake bado naisikia. Andrés alikula mbele yangu huku ananiangalia, na tumbo langu likanguruma hata mwenye kaunta akageuka.

"Mama, kweli umeshiba?"

"Kabisa, mwanangu."

Treni iliyosimama uwandani

Treni ya Valencia inakimbia mno, haifiki hata saa mbili. Yetu ilikimbia nusu saa, ikasimama katikati ya uwanda mkavu kama Shinyanga wakati wa kiangazi. Hitilafu ya umeme, walisema. Tulikaa pale mpaka jua likavuka utosi.

Mbele yetu alikaa mzee mmoja mwenye kofia. Watu walipoona treni haiendi walifungua chakula chao, na kila aliyepita kwenye kijia, hata asiyetujua, aliwaambia wanaokula maneno yale yale. Andrés akanitafsiria: wanatakiana mlo mwema. Mkisafiri kule, jifunzeni hilo kabla ya kitu kingine chochote. Ukimkuta mtu anakula, humpiti kimya.

Mzee alitoa mkate mrefu uliojazwa mayai na viazi. Ndugu zangu, ni chipsi mayai! Wanaikaanga nene kama mto wa kiti, wanaikata vipande, lakini ni chipsi mayai yetu ya barabarani. Akaukata mkate katikati, akaninyooshea nusu.

Kwetu chakula cha mtu mzima hakikataliwi, nikapokea kwa mikono miwili. Kisha nikabaki nacho. Andrés alikuwa kando yangu, bega kwa bega. Nilihesabu: tangu Adis Ababa sijatia kitu tumboni. Nikasimama, nikaenda na mkate wangu hadi chooni, nikafunga mlango, nikaula nimesimama, haraka, kama mwizi. Ulikuwa mtamu sana na machozi yalinitoka.

Niliporudi mikono mitupu mzee alitazama mikono yangu, akatazama mlango wa choo, akageukia dirisha. Alidhani nimeutupa. Nilitoa michembe kwenye mfuko nikampa kiganja kizima. Akachukua mmoja kwa adabu, akatafuna polepole, hakunitazama tena. Sikuwa na neno lolote la lugha yake la kumweleza. Jambo hilo bado linaniuma.

Nyumbani kwa Amparo: siku nne

Neema alinipokea mlangoni. Tumbo lilikuwa kubwa, lakini mikono yake ilikuwa myembamba kuliko nilivyoiacha. Nyuma yake alisimama Amparo, mwanamke mfupi mwenye aproni, akanibusu mashavu yote mawili kabla sijajua pa kuweka uso.

Sasa sikilizeni saa zao, maana zitawasumbua. Chakula cha mchana ni saa nane, hata saa tisa. Cha usiku ni saa tatu au nne, wakati Butimba tumeshalala. Hawanawishi mgeni mikono kwa jagi na beseni, kila mtu anakwenda bombani mwenyewe. Mkate hauwekwi kwenye sahani, unalala juu ya kitambaa cha meza. Mvinyo uko mezani kama maji. Mimi kanisani kwetu hatunywi, nilifunika glasi kwa kiganja, Amparo akanimiminia maji, mambo yakaisha. Hakuna aliyekasirika, msiogope hilo. Kuna na kinywaji cheupe kitamu wanachokamua kwenye mizizi ya ndago, lile gugu tunalolitukana shambani. Wenzetu wanalilima.

Na wakimaliza kula hawainuki. Vyombo vinabaki, wanaongea saa nzima, saa mbili. Kwao kukaa huko ndiko chakula chenyewe. Mtu anayeinuka mapema anaacha pengo.

Mimi sikukaa hata mwanzo. Siku ya kwanza nilisema nimechoka, nikala jikoni. Ya pili nilisema mgongo. Ya tatu sikusema kitu, nikachukua sahani yangu nikaondoka. Amparo alinifuata kila mara na chakula kingine, supu ya baridi ya nyanya, dengu, samaki wa kuoka, akiniangalia usoni kujua kipi sikipendi. Nilimwonyesha kwa mikono kwamba vyote vitamu. Akatikisa kichwa, akarudi mezani, nikamsikia anaongea kwa sauti ya chini.

Neema alikuwa katikati. Anakaa mezani, anakula vijiko viwili, anainuka kuja kuniangalia. Akifika jikoni, anaitwa. Sahani yake ilikuwa inapoa huku na huku. Niliona, lakini nikajiambia namlinda.

Siku ya nne alikwenda kliniki. Aliporudi alikaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua viatu.

"Nesi amenigombeza, mama. Uzito umeshuka. Anasema mtoto naye ni mdogo, nisipokula watanilaza."

"Kwa nini huli?"

"Nile saa ngapi? Mezani nakuwaza wewe uko peke yako huku. Huku nawaza wao. Mama yake Andrés jana amelia. Anasema, 'Mama yako ametoka Afrika yote hiyo kuja kutuonyesha kwamba hataki kukaa nasi.'"

"Hukuwaeleza?"

"Ningesema nini? Kwamba mama yangu, mwalimu, anaogopa kijiko cha mume wangu?" Alifuta uso kwa kiganja. "Na mimi pia naogopa, mama. Nikikuona unakula jikoni ndiyo naogopa zaidi. Najua unafikiria ile ya kwanza."

Niliinama nikamvua viatu. Nilikuwa nimekuja mbali hivyo kumkinga mtoto, na mimi ndiye niliyekuwa namnyima chakula.

Jumapili, shamba la michungwa

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Andrés alitupeleka shamba la familia, nje kidogo ya mji, lenye kibanda cheupe na michungwa mistari mistari. Jumapili wanapika wali wao, paella, na aliyepika siku hiyo alikuwa Andrés. Mjue hilo pia: wali wa Jumapili mara nyingi ni kazi ya wanaume, nje, kwenye moto wa kuni.

Chombo chake ni kikaango cha chuma, kipana kama ungo, chenye kina kifupi. Kuku, sungura, maharage mabichi, mchele, zafarani. Na konokono. Niliwahesabu, kumi na wanane, na nyumba zao mgongoni, kama nilivyoambiwa. Wali haukorogwi. Unaachwa mpaka chini ushike ukoko, na huo ukoko wanaugombania kama sisi. Wana hata jina lake. Nilipouona mwili ulitulia kidogo, kama mtu aliyekutana na jirani ugenini.

Kisha nikaona hakuna sahani. Kikaango kiliwekwa katikati ya meza, vijiko vya mti vikagawiwa. Kila mtu anakula pembe yake kuanzia ukingoni kwenda katikati, na hagusi pembe ya jirani. Viti vinne, pembe nne. Cha kwangu kilitazamana na cha Andrés.

Nilirudi nyuma hatua mbili. Neema akaketi, akaweka kijiko chini.

"Sili mpaka mama ale," akasema kwa Kiswahili, kisha kwa lugha yao. Si kwa hasira. Uso ulikuwa umepauka.

Amparo alinitazama. Hakuna aliyegusa wali. Upande mmoja dada yangu, upande mwingine ile mikono myembamba ya Neema. Nikafanya kazi niliyoizoea tangu ujana, nikaeleza.

"Andrés, mwanangu, nisikilize. Hujakosa kitu." Nikamweleza yote, polepole, kama kwa darasa la nne: heshima, kufunguliwa, mbuzi, shahidi, dada yangu, mkate wa chooni. Mwishoni nilikuwa nalia, Neema naye.

Andrés akauliza, "Miaka yote, mama? Hata Butimba?"

"Hata Butimba."

"Nilidhani hupendi ninavyotafuna." Akacheka kidogo, akakuta sicheki, akaacha. "Hapa sina mbuzi."

"Si lazima mbuzi. Kitu chako."

Alimgeukia mama yake, wakaongea. Amparo aliweka mkono mdomoni. Kisha akatikisa kichwa kukubali. Andrés akaingia kibandani, akatoka na kijiko cha mti kilichokuwa kimetundikwa ukutani, kimeliwa upande mmoja na miaka.

"Cha baba. Tangu afariki hakuna aliyekitumia. Alisema kitakuwa changu."

"Shahidi," nikasema. "Lazima awe wa kwetu, na si Neema."

Neema alikuwa ameshapiga simu. Mtandao ulikatika mara mbili, kisha Shangazi Kabula akatokea kwenye kioo, paji la uso tu na kilemba cha kanisani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona mnalia? Mtoto yuko wapi?"

"Yuko tumboni, Shangazi. Mkwe anataka kunifungua."

"Kwa nini sasa? Amepata mbuzi?"

"Kijiko."

"Kijiko!" Paji la uso likasogea karibu. "Mwalimu, umedanganywa. Kijiko ni kitu?"

"Ni cha marehemu baba yake."

Paji la uso likarudi nyuma. Kisha akasema taratibu, "Basi ni kitu. Mwambie atoe kwa mikono miwili. Na wewe usipokee kwa haraka, tusionekane tuna njaa."

Andrés alinyoosha mikono yote miwili. Nikahesabu mpaka tatu, nikapokea. "Nimeona," akasema Shangazi. "Kaleni."

Msidhani hofu iliondoka. Nilichota kwenye pembe yangu, punje chache, Amparo akageuza uso asinione. Nilikula nikimtazama Neema tumboni. Sijui nilitegemea kuona nini. Nikachota tena. Neema akachukua kijiko chake.

Kuna sheria yao moja niliyoipenda: nyama usiyoihitaji unaweza kuisukuma katikati mwingine achukue. Nilisukuma kila kipande cha kuku kilichokuwa upande wangu kuelekea pembe ya Neema, naye alivila vyote. Konokono niliwasukuma pia. Hao aliwachukua Andrés. Ukoko Amparo aliukwangua mwenyewe, akaugawa mara mbili, nusu yake, nusu yangu.

Tulikaa mezani mpaka kivuli cha michungwa kikatufikia. Sikuinuka.

Kurudi Butimba

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu. Tulikula mezani kila siku, na kila siku baada ya kula niliweka mkono kwenye tumbo la Neema nikingoja mtoto acheze. Siku moja alichelewa kucheza mchana kutwa. Sitaeleza siku hiyo. Nesi naye aliacha kugomba, uzito ukapanda.

Mtoto alizaliwa asubuhi, wa kike, analia kwa sauti. Niliingia chooni pale hospitali, nikafunga mlango, nikalia tena, safari hii bila mkate.

Sasa mnaniuliza kama mnaweza kwenda. Nendeni. Semeni mlo mwema kwa kila mtu, kaeni mezani mpaka mwisho, na kama kuna jambo la kwenu linalowazuia kula, elezeni siku ya kwanza, msingoje ya tano. Watu wanaelewa kuliko tunavyodhani. Yule mzee wa treni angenielewa, kama ningemwambia Andrés anitafsirie.

Kijiko nimekitundika jikoni, karibu na dirisha. Jumapili Andrés anapiga simu wakiwa mezani, nami naegemeza yangu kwenye jagi la maji, tunakula tukitazamana, mtoto akiwa amelala begani kwa Neema. Bado kijiko cha kwanza nakila nikiogopa. Cha pili siogopi.